Zamu ya Maji ya Mzee Gaudenzi

Nianze na kosa langu, maana nikilificha hadithi yote itakuwa uongo. Mimi Zilpah, nesi mwenye cheti, Mtaveta wa kuzaliwa, ndiye niliyemwambia polisi kwamba Mzee Gaudenzi amechanganyikiwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimetoka kazini asubuhi, miguu imevimba, chai yangu imepoa, na polisi kasimama jikoni anadondosha maji kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe. Akauliza, "Huyu mzee ni mzima?" Nikamjibu, "Mzima gani? Amechanganyikiwa huyo, anahitaji kuangaliwa." Akaandika. Loo, mdomo huu!

Nyumba ilikuwa Sparkbrook, mtaa wa Birmingham huko Uingereza, hatua chache kutoka Barabara ya Ladypool. Mwenye nyumba alikuwa Manubhai, Mhindi wa Kisumu aliyekuja na mkewe mwaka wa sitini na nane, wakati Wahindi wa Kenya walipokuwa wakihama kwa wingi. Mimi nilipanga chumba cha juu mwaka uliofuata, kwa sababu moja tu: siku nilipokwenda kukiona, Manubhai alifungua mlango akaniamkia kwa Kiswahili. Ukiwa mwaka wa tatu ugenini, mtu akikuambia "Karibu, Sista, habari za siku nyingi" na wala hamjuani, chumba unakichukua hata kama ukuta una ukungu. Na ukungu ulikuwepo, tena mwingi.

Mzee Gaudenzi yeye alikuja na nyumba. Manubhai aliinunua akamkuta ndani, kwenye chumba cha nyuma kilichopakana ukuta na karakana ya kufua vyuma. Humo karakanani mlikuwa na nyundo ya mtambo, ndefu kuliko mlango, iliyopiga du! du! du! mchana na usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Vikombe vilitembea vyenyewe mezani. Manubhai aliona haya kumtoza mtu kodi ya chumba kile, akamwambia mzee ahamie cha mbele kwa bei ile ile. Mzee akakataa katakata.

"Hapa mimi nalala mzuri sana," alisema, na alisema kwa Kiswahili.

Ndiyo, Kiswahili! Mzungu mrefu, masharubu meupe, mikono mipana, anaongea Kiswahili cha kambini. Alikuwa askari wa Italia kule Uhabeshi, akatekwa mwaka wa arobaini na moja, akafungwa Gilgil miaka miwili kabla Waingereza hawajamhamishia huku kulima viazi vyao. Vita vilipokwisha hakurudi kwao. Alifanya kazi kwenye ile ile karakana ya nyundo mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa na "iko" na "hapana" nyingi, na Manubhai alimcheka, mimi nikamcheka Manubhai, maana nyani haoni kundule. Jikoni mle, watu watatu, kila mmoja na Kiswahili chake, tukielewana vizuri kuliko tulivyoelewana na majirani.

Jumapili jioni nikiwa nyumbani tuliketi pamoja. Ee, Jumapili zile! Nazikumbuka hata leo nikiwa nakatakata vitunguu, moyo unanilegea. Mke wa Manubhai anakaanga bajia, kioo cha dirisha kimejaa mvuke, na mzee anachukua kiberiti, anamwaga njiti mezani, anatujengea kijiji chao.

Kijiji kiliitwa Marvenn. Nyumba thelathini na moja, alizihesabu kwa njiti, zimeshikilia ubavu wa mlima. Juu yake malisho, juu ya malisho mawe matupu, juu ya mawe theluji isiyoyeyuka ikaisha. Ukivuka kigongo cha magharibi uko Uswisi. Ukivuka cha kaskazini uko Austria. Kijiji chenyewe kilikuwa cha Austria mpaka vita vya kwanza vilipokwisha, ndipo wakubwa wakachora mstari upya na Marvenn ikaangukia Italia. Gaudenzi alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alilala Mwaustria akaamka Mtaliano na hajahama kitanda. Mwalimu mpya akaletwa kutoka kusini, akapiga marufuku Kijerumani shuleni, na watoto waliokosea walitandikwa viboko.

"Aa, hayo nayajua," nilimwambia. Kwetu Taveta mpaka umeuzunguka mlima Kilimanjaro kama mtu anayekwepa dimbwi. Bibi mzaa mama alikuwa upande wa Rombo, sisi upande wa Kenya, ndizi zikivuka bila kuulizwa jina. Siku hizo mpaka wetu ulikuwa bado wazi.

Lakini jambo lililomfanya mzee ang'ae macho lilikuwa maji. Marvenn, pamoja na theluji yote ile, ilikuwa kavu. Mvua huishia kwenye vilele, kijijini haifiki. Kwa hiyo mababu walichimba mfereji toka chini ya barafu, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Penye jabali waligongomea mabomba ya mbao yaliyochongwa kwa magogo, maji yakapita juu ya korongo ambalo mbuzi mwenyewe hatii mguu. Kila mwaka mwezi wa Aprili wanaume walipiga kura kugawana zamu za maji, saa kwa saa, na kumchagua mlinzi mmoja. Mlinzi alikaa kibandani huko juu, peke yake, hadi Aprili nyingine. Mfereji ukiziba yeye huzibua. Ukibomoka yeye huziba.

"Na akilala, atajuaje kama maji yamekatika?" Manubhai aliuliza.

Mzee akatabasamu. Ndani ya mfereji, karibu na kibanda, walitega gurudumu dogo. Maji yakilizungusha, linainua nyundo ya mti, nyundo inagonga ubao: ko, ko, ko, saa zote. Mlinzi hulala kwa ule mlio. Mlio ukikoma, anaamka. Anashika beleshi, anakwenda.

Mimi, jamani, niliyasikia haya kwa masikio yangu mawili. Nilicheka, nikala bajia, nikaenda kulala. Hata sikufikiria nyundo ile nyingine, iliyokuwa imenyamaza kwa Jumapili nyuma ya ukuta tuliouegemea.

Kila Jumapili asubuhi mzee alivaa buti, akachukua beleshi, akatoka. Sisi tulidhani ana kibustani cha kukodi, wazee wengi wa Birmingham wanavyo, wanalima kabichi na maua. Manubhai hata alimwuliza kwa nini haleti kabichi. Na kila Agosti karakana ilipofunga wiki mbili za likizo, mzee alishinda nje siku zote kumi na nne, akarudi na matope hadi magotini. Tukasema, afadhali, amepata hewa. Akili zetu nazo!

Kisha ukaja mwaka wa sabini na nne. Wachimba makaa waligomea kazi za ziada, umeme ukawa wa mgawo, serikali ikaamuru viwanda vifanye kazi siku tatu tu kwa wiki. Karakana yetu ilipewa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, tena mchana tu. Sisi tulifurahia kimya. Niliweza kulala mchana baada ya kazi ya usiku bila kuziba masikio. Mzee yeye akaanza kukonda. Alitoka Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, alitoka kwenye barafu na mvua. Mimi nilimgombeza, "Mzee, unatafuta nimonia?" Yeye akasema, "Kazi iko," akapita.

Ijumaa moja ya Januari polisi wakamleta. Walimkuta kwenye kanali, ule mfereji wa mashua unaopita nyuma ya viwanda. Pale pana milango mikubwa ya mbao inayozuia maji ili mashua zipande na kushuka. Mzee alikuwa amefungua vizuizi vyake, vyote. Maji yalishuka kwa kishindo, mashua mbili zikakaa kwenye tope, na yeye alisimama juu na beleshi lake, ameridhika, akimwambia polisi kwamba sasa yanatembea. Hapo ndipo polisi aliponiuliza, nami nikajibu nilivyojibu.

Karatasi ile ilikwenda kaunsili, baraza la mji. Siku ya nne ikaja barua: ofisa wa ustawi wa jamii atafika Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi, kuamua kama Bwana Gaudenzi anaweza kuendelea kuishi mwenyewe au apelekwe mahali pa kutunzwa. Mahali penyewe palitajwa. Ilikuwa hospitali ninayofanyia kazi mimi.

Naijua wadi ya wazee pale. Mtu huingia na buti zake, tunamvua, tunampa kandambili za kitambaa, na buti hazirudi. Wazee arobaini wameketi kwenye viti ukutani wakisubiri chai. Katika miaka yangu mitano pale sikumwona hata mmoja aliyetoka kwa miguu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nguo yenyewe ilikuwa sare yangu.

Nikampigia polisi simu, nikasema nilikosea. Akasema karatasi imeshakwenda, pole sana, madam.

Ndipo nikaketi na mzee jikoni, Alhamisi, nyundo imenyamaza, yeye anafunga kamba za buti. Nikamzuia mlangoni. Nilikuwa na hasira naye na hasira nami mwenyewe, hata sijui ipi ilikuwa inasema.

"Huendi popote! Watakuchukua, unasikia? Watakufungia. Unakwenda kufanya nini huko?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Nyundo nasimama," alisema. "Maji iko mbaya mahali."

"Mzee, hii siyo Marvenn. Hii ni Birmingham!"

"Najua hii Birmingham," akasema, kakasirika. "Mimi hapana mjinga. Lakini mimi mlinzi. Nani mwingine natoka?"

Akanieleza. Marvenn beleshi la mlinzi haliwekwi chini. Linatoka mkononi kwenda mkononi. Mlinzi mpya hupanda mlimani, hulipokea, na yule wa zamani ndipo anaposhuka nyumbani kulala kitandani kwake. Mwaka wa thelathini na tano, mwezi wa Juni, askari walimfuata mpaka kibandani kumpeleka vita vya Uhabeshi. Aliwasihi wangoje apatikane mtu wa kupokea. Wakamcheka. Aliliegemeza beleshi ukutani, akashuka katikati ya askari wawili, na nyuma yake nyundo ikiendelea kugonga. Baadaye ndugu zake walihamia Ujerumani, nyumba ikauzwa, hakupata barua iliyomwambia nani alipokea. Hakuthubutu kurudi. Angewaambia nini? Kila mlio unapokoma, mwili wake unasimama wenyewe.

"Hapana mtu alipokea," alisema. "Mimi iko kazi bado."

Miaka thelathini na tisa! Nililia pale pale, sikujificha. Mimi ni mtoto wa mfereji. Migomba yetu Taveta ilikunywa maji ya mlima kwa zamu, na bibi yangu alikuwa na kovu begani la jembe alilopigwa na jirani kwa kugombea saa moja ya maji. Ningekuwa na akili ningemwelewa tangu njiti za kwanza. Badala yake nilimwita mwendawazimu mbele ya polisi.

Tukapanga na Manubhai. Ofisa anakuja Jumatatu, na Jumatatu nyundo inafanya kazi. Mzee atakaa, atajibu, ofisa ataondoka. Jumatatu ikafika. Manubhai alimkopesha tai, mimi nilimkata nywele za masikio, beleshi tukalificha nyuma ya mlango wa stoo. Du! du! du! ilikuwa ikipiga, na mara ya kwanza tangu nihamie nilimshukuru Mungu kwa kelele zile.

Ofisa alikuwa kijana mwenye mafua, mwenye adabu. Akaketi. Akauliza leo siku gani, mzee akajibu. Mwaka gani, akajibu. Malkia ni nani, akajibu, na kuongeza kwamba amewahi kuwa chini ya makaizari wawili wa Austria na wafalme wawili, wote hawamo tena. Ofisa akacheka, akageuza ukurasa. Nilianza kupumua.

Saa nne na dakika ishirini nyundo ikanyamaza. Baadaye tulisikia mkanda wa mtambo ulikatika. Wakati ule sikujua lolote, nilisikia tu kimya kikiingia jikoni.

Mzee akasimama.

"Unakwenda wapi, bwana?" ofisa aliuliza.

"Kazini," mzee akajibu, akaenda moja kwa moja stoo kama aliyeona tulipolificha, akatoka na beleshi. Kalamu ya ofisa ikaanza kuandika. Manubhai akafumba macho.

Sikufikiri. Ningefikiri ningeona aibu. Niliinuka na sare yangu ya zamu ya usiku na kofia yangu nyeupe, nikasimama mbele ya mzee, nikashika mpini.

"Mzee," nikamwambia kwa Kiswahili, "nipe. Nimekuja kupokea."

Hakuachia. Alinitazama mikono, akaigeuza, akaikagua viganja. "Wewe najua maji?"

"Nimezaliwa mferejini. Mlima wetu una theluji kama wenu. Bibi yangu alipigwa jembe la bega kwa zamu yake na hakuiacha. Nipe, umechoka."

Ofisa alikuwa ameacha kuandika. Kisha vidole vya mzee vikalegea kimoja kimoja, na uzito wa beleshi ukaja wote mikononi mwangu. Mzee akarudi kwenye kiti, akaketi, akaweka mikono magotini.

Sasa nilipaswa kwenda kweli. Wee, usicheke! Ningezunguka nyuma ya nyumba nijifiche, angeliangalia beleshi nikirudi, na mlinzi anajua beleshi kavu. Basi nikatoka. Nikakata Barabara ya Ladypool mchana kweupe, nesi na kofia yake, beleshi begani, wauza mboga wakigeuza shingo. Nikafika kanali. Milango ya watu sikuigusa, lakini palikuwa na mtaro unaomwaga maji humo, umezibwa na majani, matambara na gari la mtoto lisilo na magurudumu. Nikakunja sare yangu kiunoni, nikazibua. Saa nzima na zaidi. Maji yalipoanza kutembea, ule mlio wake, mdogo tu, ukanipeleka nyumbani ghafla: harufu ya migomba iliyolowa, mama ananiita nisimamie mlango wa maji kabla jirani hajaiba. Nilikuwa sijafika nyumbani miaka minane. Nikalia tena, na kamasi zikanitoka, na Mwingereza mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama niko salama.

Niliporudi ofisa alikuwa ameondoka. Manubhai alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa pamoja.

"Sista, alimwuliza, yule dada amekwenda wapi? Mzee akasema, kuzibua maji. Akamwuliza, na wewe utakwenda kesho? Mzee akasema, hapana, nimekabidhi, mimi nimestaafu leo. Ofisa ameandika hana tatizo." Akapenga kamasi. "Lakini ameniuliza mimi kama wewe hufanya hivi mara kwa mara."

Mzee alilala toka Jumatatu ile hadi Jumanne adhuhuri. Alhamisi nyundo haikulia, naye akaamka taratibu, akanywa chai akiwa bado na nguo za kulalia. Ijumaa vivyo hivyo. Nilijisifu, nisiseme uongo. Nilijiona nimemwokoa, nikapanga maneno: atazeekea hapa, Jumapili zetu zitaendelea, njiti na bajia na Kiswahili chetu kibovu. Nilikuwa nimempata baba ugenini, na nimempigania mwenyewe.

Mwezi wa Aprili akaniita chumbani. Sanduku lilikuwa kitandani, limefungwa kwa kamba.

"Mimi nakwenda Marvenn," alisema.

"Marvenn kuna nani? Ndugu walihama. Nyumba iliuzwa!" Nilipiga kelele hadi Manubhai akaja. "Baada ya yote haya, unaniacha?"

"Mtu akipokelewa, anashuka nyumbani," alinijibu kwa upole. "Hiyo sheria."

Nilimnunia siku tatu. Siku ya nne nilimsindikiza stesheni ya New Street, nikimbebea begi la chapati alizofungiwa na mke wa Manubhai. Alipanda ngazi ya kwanza ya behewa, kisha akageuka. Alikuwa amenyoa, amekuwa kijana. Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu kama alivyofanya jikoni.

"Na wewe, mama?" akauliza. "Nani atakupokea wewe?"

Nilimwambia aingie ndani upesi, treni za watu hazingojei. Nikamsukuma. Mlango ukafungwa, nami nikabaki pale na mkono wangu wazi, kwa sababu sikuwa na jina la mtu hata mmoja la kumtajia.